Usiusingizie Upepo

Mwanangu Tatu,

Salamu naziruka, maana umeniamkia asubuhi na mchana tumekula pamoja. Habari za soksi, blanketi, dawa ya mbu na kupiga simu ukifika naziruka pia. Mama yako amekwisha kuzisema na kesho atazisema tena mpaka treni iondoke. Mimi nina jambo moja tu. Naliandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitapiga kelele, na nyumba bado ina wageni.

Nina hasira, Tatu. Sitaki ufike chuoni ukidhani baba yako alinyamaza leo mchana kwa sababu ya uzee, au kwa sababu aliyoyasikia yalikuwa sawa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshika bakuli la mchuzi, na nilijua nikifungua mdomo lile bakuli litaruka.

Ulikuwepo, lakini acha nikusimulie nilivyoona mimi. Ulikuwa umekaa mkekani na wenzako waliokuja kukuaga. Minza alikuwa pembeni yako, sahani mapajani, anakula kwa mkono wa kushoto kama anavyokula tangu mlipokuwa darasa la sita. Yule bibi wa kutoka Kilangali, jamaa wa mama yako ambaye hajawahi kumwona Minza, akamkemea mbele za watu.

"Wewe binti ni wa nani? Kwenu hamkufundishwa kula kwa mkono wa kulia?"

Minza akameza tonge lake kwanza, kisha akasema, "Samahani bibi. Wa kulia haufiki mdomoni."

Yule bibi mwenyewe akaona haya, akaanza kumsogezea nyama. Pale pangetosha. Lakini baba yako mdogo Salum hakuona kuwa panatosha. Akacheka kile kicheko chake cha kusafisha koo, akakugeukia wewe, na Minza amekaa hapo hapo.

"Unaona Tatu? Wewe unakwenda kufundishwa bunduki, basi jifunze kwangu. Bunduki ilikuwa haina tatizo. Mkono wangu haukuwa na tatizo. Ni upepo tu. Upepo ukiamua kuihamisha risasi, hata bingwa wa dunia hana la kufanya."

Na wewe, mwanangu, ukaitikia kwa kichwa.

Sikulaumu. Ni baba yako mdogo, alikufundisha baiskeli, alikuletea mpira kutoka Morogoro. Na sisi wakubwa hatukukaa na wewe tukakueleza. Tulikuambia Minza ameumia, baba mdogo amesafiri, bibi ni mgonjwa, na tunahama Mvumi kwa sababu shule za Kilosa mjini ni nzuri. Ukakua na vipande. Lakini kesho kutwa utavaa sare ya askari wanyamapori na utakabidhiwa silaha. Siwezi kukuacha uondoke na hadithi ya upepo kichwani.

Unakumbuka ile bunduki yake. Aliinunua kwa bwana mmoja aliyekuwa anaondoka nchini, akaikatia leseni, akaitembeza kijiji kizima kama harusi. Ilikuwa bunduki ya upepo, lakini si ile ya kuvunja katikati ambayo vijana hupigia njiwa. Hii ilikuwa na mtungi mdogo chini ya mtutu, unaojazwa hewa iliyoshindiliwa, na darubini juu. Haikuwa na baruti wala mlio wa maana. Ilitoa sauti kama mtu anayetema mbegu ya ubuyu.

Alikuwa na aina mbili za risasi. Peleti, ambazo umeziona, ndogo, zina kiuno kama nyigu na nyuma zimefunguka kama sketi. Na slagi, ambazo hazina kiuno. Slagi ni kipande kizima cha madini ya risasi, kizito kuliko peleti, kimechongoka mbele kama risasi ya bunduki ya kweli. Peleti ikiruka inapokea upepo wote, inachoka mapema, na ukikosa, mara nyingi inaanguka njiani na hadithi inaishia hapo. Slagi inapasua hewa. Upepo unaisogeza kidogo tu ukilinganisha na peleti, na ikifika mbali bado ina nguvu. Ndiyo maana watu wa shabaha wanaipenda. Ila kitu kinachofika mbali kitafika mbali hata ukikosa, na hilo wauzaji hawalitangazi.

Sikufichi, hata mimi niliipenda. Nilikuwa nimestaafu uaskari wanyamapori kule Mikumi, nimezoea bunduki nzito za kazi zinazokupiga teke begani. Salum aliweka vizibo vya soda kwenye ukuta wa banda la zamani, akalaza mtutu juu ya kiroba cha mchanga, akavipiga kimoja kimoja kwa peleti. Kisha akabandika kipande cha boksi mbali, mita mia hivi, akatia slagi. Tulipokwenda kuangalia, matundu yalikuwa yamekaribiana hata ungeyafunika kwa kiganja. Nikampa mkono. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii ni silaha." Nilisema *silaha* kwa maana nzito. Yeye alisikia sifa tu.

Mwaka ule tumbili walikuwa wametuchosha kwenye mahindi. Kijiji kikapata kibali cha kuwafukuza na Salum akajitolea. Mimi sikukataa. Nilimwonyesha pa kukaa, nikamwonyesha na pa kutokupiga. Lile shamba letu la Mvumi unalijua. Mwisho wa mahindi kuna kichuguu kikubwa, tumbili hupenda kukaa juu yake wanachungulia. Nyuma ya kichuguu kuna korongo kavu lenye mawe. Nyuma ya korongo kuna njia ya kwenda lamboni, na familia ya mzee Masanja, yule mfugaji baba yake Minza, ilikuwa ikichota maji kule, asubuhi na alasiri, maana kwao ndio upande ule.

Nilimwambia, "Salum, wakikaa juu ya kichuguu waache. Subiri washuke kwenye mahindi, upige kuelekea chini, ardhi laini imeze risasi."

Akasema, "Kaka, hii naiweka ninapotaka."

Hilo neno ndilo linalonichemsha mpaka leo. Mtu anapokuambia anaiweka risasi anapotaka, ujue bado hajawahi kuona ilipokwenda ile aliyokosa.

Siku yenyewe alikuja na rafiki zake wawili kutoka mjini kuwaonyesha. Asubuhi yote walikuwa wanapiga vizibo, makopo na maganda ya nazi, wakibadilishana, wakicheka. Mimi nilikuwa napalilia upande wa pili. Kila risasi iliyotoka ilikula hewa ya kwenye mtungi. Pale ubavuni kuna geji ndogo, kama ya pikipiki, inayoonyesha kilichobaki. Hewa ikiwa nyingi, risasi zinatoka kwa kasi moja na zinakwenda mahali pamoja. Ikishuka chini ya alama yake, kila moja inatoka dhaifu kuliko iliyotangulia, na inaanguka chini ya pale ulipolenga. Kwa shabaha ya karibu hutagundua. Kwa mbali utagundua wewe, au atagundua mtu mwingine kwa ajili yako.

Alasiri tumbili mmoja akapanda kichuguu. Nilimwona Salum akiinua bunduki, hajalaza mtutu juu ya chochote, kasimama wima, na rafiki zake nyuma yake. Nikaita, "Salum! Acha huyo!" Mmoja wa wale rafiki akageuka kuniangalia. Salum hakugeuka. Nikasikia ile sauti ya kutema mbegu, kisha *tak* kwenye mawe ya korongo, kisha mluzi mwembamba ukaenda zake juu ya majani. Tumbili akashuka kwa raha zake.

Kisha tukasikia mtoto analia.

Sijui nilivuka korongo vipi. Minza alikuwa amekaa chini katikati ya njia, dumu limelala, maji yanamwagika kwenye vumbi, na mdogo wake amesimama pembeni. Minza alikuwa ameshika bega lake la kulia. Damu ilikuwa si nyingi, na ndiyo iliyonitisha zaidi, maana tundu dogo lisilotoa damu nyingi limeficha kitu ndani.

"Shikamoo baba," akaniambia. Mtoto ana risasi begani na bado ananiamkia! "Kuna nyuki kaniuma."

Nikamwambia, "Marahaba mwanangu. Usipaguse." Nikamfunga kwa shati langu la shambani, nikambeba.

Salum alipofika midomo ilikuwa imempauka. Nilidhani ni majuto. Nilimwona anaangalia njia, anaangalia kichuguu, anaangalia rafiki zake, na nikaona kabisa anapiga hesabu ya maneno. Mzee Masanja akaja mbio, na mama wa Minza nyuma yake analia kwa Kisukuma. Na ndugu yangu wa tumbo moja, ambaye asubuhi ile ile alikuwa anawaambia watu kwamba bunduki yake inatoboa kopo mita mia na zaidi, akamwambia mzee Masanja hivi:

"Pole sana mzee. Lakini isije ikafikiriwa ni mimi. Hii ni bunduki ya upepo tu, ya kuchezea. Haifiki hata pale kwenye kichuguu. Labda watoto wenu walikuwa wanarushiana mawe kwa manati."

Mzee Masanja akaniangalia mimi. Na mimi nikasema, "Tumpeleke mtoto hospitali kwanza." Ndivyo nilivyosema, Tatu. Ilikuwa kweli, mtoto alihitaji hospitali. Tukapanda bodaboda, Minza katikati ya baba yake na dereva, mimi nikafuata na nyingine.

Hospitali ya Kilosa wakampiga picha, ikaonekana. Kipande cha madini kilikuwa kimelala chini ya mfupa wa bega, kimeshapita kwenye mishipa ya fahamu. Wakakitoa, lakini daktari akatueleza wazi kwamba mkono hautarudi kama zamani. Mama yake akauliza, "Utainuka?" Daktari akasema, "Kidogo." Yule mama akaliangalia bega la mtoto wake kama anayelipima, akauliza tena, "Kidogo mpaka wapi?" Daktari akarudi kuitazama picha.

Basi ya manati yakafa pale. Unadhani Salum alinyamaza? Akaja na mapya. Sasa ikawa ni gobole. Wafugaji wana magobole porini, watakuwa wamejipiga wenyewe wanataka kutusingizia. Na hili, mwanangu, lilipokelewa. Hapo ndipo hasira yangu ilipohama kwa mtu mmoja ikawa ya ukoo mzima. Tuliitwa nyumbani kwa bibi yako, wote, na shangazi zako. Nilikaa nikasikia watu ninaowaheshimu, waliofunga na kuswali nami tangu utotoni, wakisema maneno haya: wale ni wa kuja. Wana ng'ombe wengi, watoto wengi. Kesho watahama. Sisi na Salum tutabaki hapa hapa.

Shangazi yako mkubwa akasema, "Nani aliyeona risasi ikitoka?"

Nikasema, "Mimi."

"Uliiona ikimpiga?"

"Niliisikia ikigonga jiwe na kuruka."

"Kusikia si kuona, Ramadhani."

Nikamgeukia Salum. "Geji ilikuwa inasoma wapi ulipoinua bunduki?" Akaangalia sakafu. Nikamuuliza tena. Akasema, "Kaka, wewe ni ndugu yangu au ni polisi?"

Bibi yako alikuwa kwenye kigoda chake. Akainua uso. "Nimewazaa ninyi wawili kwa tumbo hili," akasema. "Usinipunguzie."

Nilimpenda mama yangu kuliko ninavyoweza kuandika. Nilimpigia magoti, nikamshika miguu, nikamwambia, "Mama, sikupunguzii. Lakini na yule mwanamke kule hospitali naye amezaa." Akaivuta miguu yake. Kesho yake nilikwenda polisi pamoja na mzee Masanja, tukiwa tumekaa kiti kimoja cha basi dogo. Afisa aliyeandika maelezo aliniuliza mtuhumiwa ni nani yangu. Nikasema ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Akaacha kuandika, akaniangalia. Nikamwambia aendelee.

Ile slagi iliyotoka begani upande mmoja ilikuwa imebapa kwa jiwe, lakini nyuma bado ilikuwa na mikwaruzo ya kuzunguka, ile inayochorwa na mifereji ya ndani ya mtutu. Gobole halina mifereji ndani, ni bomba tupu. Mtaalamu wao wa silaha aliiona mwenyewe, hakuhitaji mimi. Kisha akataka kwenda shambani na ile bunduki.

Tulikwenda wengi: polisi, mzee Masanja, mimi, Salum akiwa na askari wawili, na nusu ya kijiji. Njia ya lamboni ikafungwa pande zote mbili. Yule mtaalamu akajaza mtungi, akalaza mtutu juu ya kiroba, akapiga boksi lililobandikwa juu ya kichuguu. Likatobolewa pale pale alipolenga. Akapiga tena, na tena. Palikuwa hapana shida. Bunduki ilikuwa nzuri, nasema mpaka leo ni nzuri. Kisha akaipunguza hewa mpaka chini ya alama, kama ilivyokutwa polisi walipoichukua. Akalenga mahali pale pale. Boksi halikuguswa, risasi ikapita chini yake ikichubua ncha ya kichuguu. Tukasikia *tak* kwenye mawe ya korongo, na ule mluzi ukapita juu ya njia ukaenda mbele zaidi, kule kwenye majani ya lambo.

Mzee Masanja alikuwa amesimama karibu nami. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ndiyo hiyo?"

Nikasema, "Ndiyo hiyo."

Akavua kofia yake akaishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyesimama kaburini.

Na hapo, Tatu, kwa mara ya kwanza, pale pale mbele ya watu, Salum akalitaja neno lake. "Ni upepo," akasema. "Siku ile kulikuwa na upepo."

Hakukuwa na upepo. Nilikuwa shambani, moshi wa jiko la mama yako ulikuwa unapanda juu umenyooka. Na hata kama ungekuwepo, basi! Upepo si jambazi anayevamia. Upepo upo, unaonekana. Unauona kwenye ncha za majani, kwenye vumbi, kwenye mbawa za ndege. Tena unautazama njia nzima mpaka kwenye shabaha, maana hapo uliposimama panaweza kuwa kimya na katikati ya njia majani yanalala. Usipoweza kuusoma, unashusha bunduki. Anayepiga ndiye anayechagua kupiga, upepo haujawahi kuvuta kifyatulio. Kwanza bunduki ilikuwa ya kuchezea, kisha ikawa manati, kisha gobole, kisha upepo. Kila kitu shambani kilipata lawama isipokuwa kidole cha ndugu yangu.

Alifungwa. Si muda mrefu. Bunduki ikachukuliwa, leseni ikafutwa. Bibi yako alifariki Salum akiwa bado ndani. Nilikaa naye siku zake za mwisho, nikimpa uji, na aliunywa, lakini jina langu hakuliita tena. Alikuwa ananiita "wewe". Nimelizika hilo pamoja naye na sitaki unipe pole. Nakwambia ujue tu kwamba niliyofanya yalikuwa na bei na ningeyafanya tena kesho asubuhi kabla ya chai.

Nilichokosea ni kitu kingine. Nilidhani ukweli ukishasemwa mbele ya hakimu unakaa pale ulipowekwa. Haukai. Usipousimulia nyumbani kwako mwenyewe, kwa watoto wako, mwingine atasimulia wake. Miaka yote hii watu wa ukoo wanakumbuka kwamba Ramadhani alimfunga mdogo wake. Waulize bega ni la nani, nusu yao hawajui jina. Na mimi nikakaa kimya huku Mabwerebwere tulikohamia, nikijiona muungwana, mpaka leo nimemsikia akilisema lile neno mbele ya Minza mwenyewe, mbele ya binti anayewafundisha watoto wa chekechea kuandika, yeye akitumia mkono wa kushoto, aliyekuja kukuaga wewe. Na mwanangu akaitikia.

Baadaye nilimkuta Minza anaosha vyombo na mama yako. Nikamwambia, "Mwanangu, samahani kwa yale ya kwenye mkeka." Akasema, "Baba, nimezoea." Akaendelea kusugua sufuria kwa kulikandamiza na goti. *Nimezoea.* Nani alimpa kazi ya kuzoea?

Sasa sikiliza, maana hiki ndicho unachoondoka nacho.

Nilipoanza kazi Mikumi, mkubwa wangu wa doria alikuwa mama mmoja, Afande Veronika, mfupi, mkali, hapendi maneno. Siku moja tulimfuata fisi mwenye kitanzi cha waya mguuni, kidonda kimeoza, ilibidi auawe. Akasimama sehemu ya wazi, mbali kidogo lakini wazi. Nikalenga. Nilikuwa na uhakika naye kama ninavyokuona wewe. Afande akaweka kiganja juu ya mtutu wangu akaushusha.

"Nyuma yake kuna nini?" akaniuliza.

"Majani, afande."

"Nyuma ya majani?"

Sikujua. Tukazunguka kutafuta pembe nyingine, na tulipofika tukaona upande ule kuna barabara kuu, malori yanapita. Fisi tulimpata jioni, akiwa mbele ya ukingo wa udongo, kwa risasi moja. Afande hakunisema wala hakunihubiria. Ila tangu siku ile, kila nilipoinua bunduki nilisikia swali lake. Nilimuuliza Salum swali hilo hilo mara ngapi! Na yeye alikuwa anajibu habari za slagi.

Utaipenda bunduki, Tatu. Ukiwa kama mimi, utapenda utulivu wake, ile pumzi unayoishika, na shabaha ikikubali. Hakuna ubaya. Uwe mzuri, uwe bora kuliko wavulana wote wa kundi lako. Watakuja wenye maneno mengi ya mita na madini na darubini. Wasikilize, mengine ni kweli na yatakufaa. Lakini usimwamini mtu anayekuhesabia matundu yaliyokusanyika kwenye boksi tu. Muulize yale mengine yalikwenda wapi.

Na kuna siku utakosea. Sisemi labda. Utakosea, na wenzako watakusogelea kwa upendo kabisa wakupe maneno ya kusema: ilikuwa giza, mnyama alisogea, upepo. Watakuwa ni rafiki zako na watakuwa wanakutakia mema. Siku hiyo kataa msaada wao. Nenda kwa aliyeumia, mwambie ni mimi Tatu binti Ramadhani niliyepiga, kabla hajauliza. Salum angesema hivyo pale njiani, mzee Masanja angelia, tungelia wote, na huenda leo ningekuwa na mdogo wangu.

Ninayo hasira kwa sababu nampenda, ujue hilo pia. Isingekuwa hivyo ningekuwa nimeshamsahau.

Kesho asubuhi atakuja na gari kukupeleka stesheni. Alimuomba mama yako, hakuniomba mimi, na mama yako amekubali. Mwamkie kama kawaida, mpe heshima yake, maana ni baba yako. Kaa mbele karibu naye. Mimi nimesema nitakuja. Nitakaa nyuma na mabegi. Ni mara ya kwanza tutakuwa ndani ya chombo kimoja tangu siku ile ya mahakama, na sijui kama tutasalimiana. Ukisikia kimya nyuma, usigeuke kuangalia kama nimenuna. Nitakuwa nimenuna. Lakini nitakuwa ndani ya gari.

Baba yako anayekuombea,
Ramadhani